Aliyeanza kudokoa darasa la pili: umri wa kosa la kwanza unasema nini, na hausemi nini

Swali. Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni afisa ustawi wa jamii mkoani Tanga. Naandaa taarifa ya uchunguzi wa kijamii kwa ajili ya Mahakama ya Watoto kuhusu kijana wa miaka 13 aliyekamatwa na wenzake wawili wakiwa na simu ya wizi. Bibi yake anasema mjukuu alianza kudokoa sarafu kwenye genge lake alipokuwa darasa la pili. Mwenzangu ofisini ananishauri niandike kwamba anayeanza mapema hivyo huishia kwenye ujambazi wa silaha, na kwamba wanaoanza ukubwani ndio huwa matapeli. Je, ni kweli? Na mimi niandike nini?

Jibu. Nzuri, ndugu. Mwenzako ameshika uzi wa kweli, ila ameuvuta hadi umekatika. Umri wa kosa la kwanza unatabiri vizuri mambo mawili: mtu atarudia mara ngapi, na atadumu kwenye makosa kwa muda gani. Kwenye aina ya kosa, msaada wake ni mdogo. Aina hufuata zaidi umri alio nao mtu siku ile anapotenda, watu alioongozana nao, na mlango uliokuwa wazi mbele yake. "Alianza lini?" na "alikuwa na umri gani alipofanya hili?" ni maswali mawili, na mashauri mengi huharibika kwa kuyafanya kuwa moja.

Ushahidi ulio imara kuliko mwingine unatoka London. Mwaka 1961 Donald West alianza kufuatilia wavulana 411 wa miaka 8 na 9, karibu wote kutoka shule za eneo moja la wafanyakazi kusini mwa jiji. Baadaye David Farrington aliirithi kazi hiyo. Wavulana wale walihojiwa tena na tena hadi utu uzima, na kumbukumbu zao za mahakama zikapekuliwa miaka nenda miaka rudi. Walipofika miaka 50, asilimia 41 walikuwa wametiwa hatiani angalau mara moja. Kwa wastani, safari ya hatia, yaani tangu kutiwa hatiani mara ya kwanza hadi mara ya mwisho, ilianza mtu akiwa na miaka 19, ikaisha akiwa na 28, ikiwa na hatia tano. Lakini waliotiwa hatiani kwa mara ya kwanza kati ya miaka 10 na 13 walikuwa na wastani wa hatia tisa, na safari yao ilidumu miaka 13. Wachache sana, kama asilimia 7 ya wavulana wote, walibeba karibu nusu ya hatia zote.

Sasa gawanya. Hatia tisa kwa miaka 13 ni karibu 0.7 kwa mwaka. Kwa wastani wa wote waliotiwa hatiani, hatia tano kwa miaka tisa, kutoka 19 hadi 28, ni kama 0.6. Ni hesabu ya juu juu, maana inagawa wastani kwa wastani, na kundi la pili lina wengi walioishia kwenye hatia moja tu. Hata hivyo inaonyesha kitu ambacho Farrington na wenzake walikikuta kwa njia makini zaidi: aliyeanza mapema hafanyi makosa kwa kasi kubwa mno kuliko wengine kila mwaka, bali anadumu. Tofauti kubwa iko kwenye urefu wa safari. Kwa afisa ustawi hii ni habari muhimu, kwa sababu safari ndefu ina miaka mingi ya kuikatiza.

Philadelphia walipata picha inayofanana. Marvin Wolfgang na wenzake walichukua wavulana 9,945 waliozaliwa 1945 na kukulia mjini humo, wakafuatilia kumbukumbu za polisi hadi wafike miaka 18. Wavulana 3,475 walikuwa wameandikwa na polisi angalau mara moja. Kati yao, 1,613 waliandikwa mara moja tu, basi. Walioandikwa mara tano au zaidi walikuwa 627, yaani asilimia 6 ya wavulana wote, nao walihusika na asilimia 52 ya makosa yote yaliyoandikwa. Watu hupenda kunukuu hiyo 6 na 52. Mimi ningekuomba ukumbuke ile 1,613: karibu nusu ya waliogusana na polisi hawakuonekana tena kwenye kumbukumbu hizo.

Kwa nini basi inaonekana kama wanaoanza mapema ndio huwa majambazi? Chukua mfano wa hesabu tu, si takwimu ya utafiti. Tuseme kila hatia ina nafasi 1 kati ya 10 ya kuwa kosa la kutumia nguvu, iwe kujeruhi au unyang'anyi, bila kujali mhusika alianza lini. Kijana aliyeanza na miaka 11 anafikisha hatia tisa. Nafasi ya kwamba hakuna hata moja ya nguvu ni 0.9 ikizidishwa yenyewe mara tisa, unapata karibu 0.39. Kwa hiyo nafasi ya kuwa na angalau moja ni asilimia 61. Mwenzake aliyeanza na miaka 20 ana hatia mbili: 0.9 mara 0.9 ni 0.81, nafasi yake ni asilimia 19. Mmoja ana zaidi ya mara tatu ya mwenzake, na hatujaweka chembe ya "ujambazi wa kuzaliwa" ndani ya hesabu. Wingi peke yake umefanya kazi yote. Mwenye kutupa nyavu mara nyingi ndiye atakayeleta papa siku moja, ingawa alikuwa akienda kuvua dagaa kama wengine.

Ndivyo ilivyokuwa hasa London. Farrington alipowalinganisha wenye makosa ya nguvu na warudiaji wengine wenye idadi ileile ya hatia lakini bila makosa ya nguvu, hakuona tofauti ya maana katika utoto wao. Wengi wa waliotiwa hatiani kwa kupiga na kujeruhi walikuwa pia na hatia za wizi na za kuvunja nyumba. Mtu anayerudia makosa mara nyingi huchanganya: leo simu, kesho ugomvi wa kilabuni, keshokutwa bangi mfukoni. Mabingwa wa kosa moja tu wapo, ila ni wachache kuliko tunavyodhani tukitazama sinema.

Aina, basi, inatoka wapi? Kwa kiasi kikubwa inatoka kwenye umri wa siku hiyo. Marc Le Blanc na Marcel Fréchette, Montreal, waliwauliza vijana wakosaji kila kosa lilianza lini. Wizi wa dukani na uharibifu wa mali ulianza kwa wastani kwenye miaka 11. Kuvunja nyumba na kuiba magari, 14 hadi 15. Makosa ya kujamiiana na kuuza dawa za kulevya, 17 hadi 19. Mpangilio huu si wa ajabu ukiufikiria. Mtoto wa miaka 11 yuko karibu na peremende na pochi ya shangazi, wala hana mwili wa kubomoa mlango. Kuiba pikipiki kunataka miguu inayogusa chini na mtu wa kuinunua. Kuuza dawa kunataka wateja wanaokuamini na mkubwa anayekukopesha mzigo.

Ubadhirifu na kughushi vinataka zaidi: saini, neno la siri la mfumo, ufunguo wa sefu, cheo. Marekani, David Weisburd na wenzake walipofuatilia watu waliotiwa hatiani na mahakama za shirikisho kwa makosa ya ofisini, walikuta kukamatwa kwa mara ya kwanza kumekuja kwa wastani katika miaka ya 30. Hapo mwenzako anapata alama zake: matapeli wa ofisini huonekana kuchelewa. Lakini kuchelewa huko kunatokana zaidi na ajira kuliko na tabia. Huwezi kula fedha za mradi kabla hujapewa mradi. Na mlango huo unasogea: zamani utapeli ulihitaji suti na kitabu cha risiti, siku hizi laini ya simu na ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" vinamtosha kijana ambaye hata ndevu hana. Nisingeshangaa umri wa kuanza utapeli ukishuka kwa sababu hiyo tu, bila kizazi kubadilika tabia.

Kuhusu wanaoanza ukubwani kuna onyo jingine. Tara McGee na Farrington waliwarudia wale wa London waliotiwa hatiani kwa mara ya kwanza baada ya kufikisha miaka 21. Ni kweli makosa yao yaliegemea aina zinazochelewa: ulaghai, wizi kazini, makosa ya kujamiiana, kubeba silaha. Ila theluthi moja hivi kati yao walikuwa wamekiri kwenye mahojiano ya ujanani kwamba walifanya makosa mengi, ni vile hawakukamatwa. Kwa hiyo "ameanza na miaka 30" mara nyingine maana yake ni "amekamatwa na miaka 30".

Hilo linatuleta kwenye neno lenyewe, umri wa kuanza. Kwenye jalada lako kuna uwezekano wa tarehe tatu tofauti na ni lazima uzitenganishe. Ya kwanza ni siku alipofanya kitendo chenyewe kwa mara ya kwanza, kwa maneno yake au ya familia. Ya pili ni siku mamlaka yoyote ilipojua: mwalimu wa nidhamu, mwenyekiti wa mtaa, polisi jamii, kituo. Ya tatu ni siku mahakama ilipotamka. Kati ya ya kwanza na ya tatu inaweza kupita miaka mingi. Takwimu za London za "miaka 10 hadi 13" ninazokupa ni za tarehe ya tatu, kutiwa hatiani. Ukichukua kauli ya bibi, ambayo ni tarehe ya kwanza, ukaipachika kwenye jedwali la tarehe ya tatu, umemfanya mtoto aonekane wa hatari kuliko alivyo. Wavulana wa London wenyewe walipoulizwa kwa siri, asilimia 93 walikiri angalau aina moja ya kosa. Kudokoa ukiwa mdogo si alama ya kundi dogo la kutisha. Ni karibu kila mtu.

Tarehe ya pili na ya tatu zinategemea sheria pia. Tanzania Bara, kifungu cha 15 cha Kanuni ya Adhabu, kama kilivyorekebishwa na Sheria ya Mtoto ya 2009, kinasema mtoto wa chini ya miaka 10 hana jinai kabisa, na wa chini ya 12 hana mpaka ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua hakupaswa kutenda hivyo. Kenya ilikuwa na kizingiti cha miaka 8, Sheria ya Watoto ya 2022 ikakipandisha hadi 12, na kati ya 12 na 14 mtoto anadhaniwa hawezi kutofautisha baya na jema mpaka mahakama ithibitishiwe vinginevyo. Rwanda ni 14. Sasa fikiria mtafiti anayetumia majalada ya Kenya miaka kumi ijayo: ataona umri wa kosa la kwanza "umepanda" ghafla, na watoto hawajabadilika hata kidogo. Kwa shauri lako, alichofanya mjukuu darasa la pili, kama kweli alikuwa na miaka 7 au 8, kisheria si kosa la jinai. Unaweza kukitaja kama historia ya malezi. Usikiite "kosa la kwanza".

Nimesema "kama kweli", kwa sababu darasa si umri. Mtoto aliyeanza shule kwa wakati huwa na miaka 7 au 8 akiwa darasa la pili. Aliyechelewa au kukariri anaweza kuwa na 10. Na hapo kwenye 10 ndipo sheria ilipochora mstari. Usitegemee kauli moja. Anza na cheti cha kuzaliwa. Kama hakipo, kadi ya kliniki, ambayo bibi wengi huitunza kuliko vyeti vyote. Kisha rejista ya udahili shuleni, ukijua kwamba wazazi wengine huongeza au kupunguza mwaka ili mtoto apokelewe. Vikipingana, andika kwamba vimepingana na useme umefuata kipi na kwa nini.

Kumpata mtoto aseme miaka kwa usahihi kunataka karatasi. Ukimuuliza "ulianza lini?" atakujibu chochote ili uondoke. Chukua karatasi ya A4, ilaze, chora mstari mrefu, uugawe kwa miaka kuanzia alipoanza shule. Juu ya mstari andika vitu asivyoona aibu kuvisema: darasa, jina la mwalimu wa darasa, alikuwa akiishi kwa nani, lini walihama, lini mama aliondoka, mwaka gani alivunjika mkono, Ramadhani ipi alifunga mwezi mzima kwa mara ya kwanza. Dakika 15 hivi zinatosha. Mstari ukishajaa, ndipo unashuka chini yake na kuuliza matukio: "Hii ya genge la bibi, mwalimu alikuwa bado ni yule?" Kumbukumbu ya tukio hushikana na mahali na watu, haishikani na tarakimu. Na ukimhoji mtu mzima, jihadhari zaidi, kwa sababu jambo la zamani sana huvutwa karibu, na umri wa kuanza hutajwa ukiwa mkubwa kuliko ulivyokuwa. Bibi naye anaweza kukosea kwa upande wa pili, hasa akiwa na hasira siku hiyo.

Kwa kila tukio uliza mambo manne: alichukua nini na kiasi gani, alikuwa peke yake au na nani, alifanyia nini, na nini kilimpata baadaye. Sarafu za kununulia andazi asubuhi asiyokunywa chai si sawa na sarafu za kumpelekea kijana mkubwa anayesubiri kwenye kona. Swali la "na nani" lina uzito wa pekee. Makosa ya utotoni na ujanani hufanywa kwa vikundi, na kadiri watu wanavyokua ndivyo wanavyotenda peke yao. Kijana wako alikamatwa na wenzake wawili: wana umri gani? Kama mmoja ana 19 na ndiye anayejua pa kuuza simu, basi aina ya kosa umeshaipata chanzo chake, nacho si darasa la pili.

Pengine umewahi kusikia makundi mawili ya Terrie Moffitt, na mwenzako huenda anayakumbuka nusunusu. Yanatokana na watoto 1,037 waliozaliwa Dunedin, New Zealand, kati ya Aprili 1972 na Machi 1973. Moffitt alitofautisha wanaoanza ukorofi utotoni na kuendelea nao ukubwani, ambao walikuwa kama asilimia 10 ya wavulana, na wanaoanza wakibalehe kisha wakaacha au kupunguza, ambao walikuwa asilimia 26. Kundi la kwanza lilihusika zaidi na matumizi ya nguvu, ukubwani hata majumbani mwao. Kwa wasichana picha ni nyingine: katika kundi la utotoni kulikuwa na wavulana kama kumi kwa msichana mmoja, katika kundi la ujanani karibu mmoja na nusu kwa mmoja.

Kosa linalofanywa na makundi haya ni kumwingiza mtoto kwa kutumia umri peke yake. Alichokiona Moffitt kwenye kundi la utotoni hakikuwa tarehe. Kilikuwa mrundikano: mtoto mwenye matatizo ya lugha, ya umakini na ya kujizuia, aliyezaliwa kwenye nyumba yenye ukali usiotabirika na umaskini, na ambaye ukorofi wake ulionekana nyumbani, shuleni na mtaani kwa pamoja, mwaka baada ya mwaka. Ukitaka kujua kijana wako yuko wapi, nenda ukamuulize mwalimu kama alipigana, kama alisoma, kama alikaa kwenye dawati. Mtoto aliyedokoa kwa bibi lakini shuleni hana tatizo ni mtoto tofauti na yule aliyefukuzwa shule mbili.

Pittsburgh kuna jambo linalokaribia kabisa swali lako. Rolf Loeber na wenzake walianza 1987 kufuatilia wavulana 1,517, wakaona njia tatu ambazo mtoto anaweza kuzipita. Moja ni ya ukaidi: kugoma, kutoroka shule, kulala nje, na hiyo huanza kabla ya miaka 12. Ya pili ni ya waziwazi: kuonea wenzake, kisha kupigana, kisha nguvu kubwa. Ya tatu ni ya kificho: uongo na udokozi, kisha uharibifu wa mali, kisha wizi mkubwa na kuvunja nyumba. Udokozi wa sarafu uko kwenye njia ya tatu. Ukisema utaishia kwenye silaha, umemrusha mtoto kutoka njia moja kwenda nyingine bila daraja. Wapo wanaopita njia mbili au tatu kwa pamoja, nao ndio wa kuwaangalia kwa karibu. Ushahidi wa hilo, kama upo, utakuwa kwenye ngumi na uonevu, si kwenye genge la bibi. Na hata ngumi zina mtego wake: Richard Tremblay wa Montreal ameonyesha kwamba kupiga, kuuma na kusukuma huwa kwa wingi zaidi kati ya miaka 2 na 4, kisha wengi hujifunza kuacha. Ukitafuta "shambulio la kwanza" la mtu yeyote utalikuta akiwa amevaa nepi.

Tahadhari moja zaidi kuhusu jina la shitaka. Mvulana wa miaka 15 akiwa na shitaka la kubaka kwa sababu ya uhusiano na msichana wa rika lake, jalada litasoma kosa zito la kujamiiana. Usijenge juu yake unabii. Mapitio makubwa ya Michael Caldwell ya 2016, yaliyojumuisha vijana zaidi ya 33,000 waliopatikana na makosa ya kujamiiana, yalikuta waliorudia kosa la aina hiyo ni chini ya asilimia 5.

Yote haya yanakaa juu ya jambo alilolisema Lee Robins tangu 1978: ukiwatazama watu wazima wakorofi ukarudi nyuma, karibu wote walikuwa watoto wakorofi, lakini ukiwatazama watoto wakorofi ukaenda mbele, wengi wao hawakuwa watu wazima wakorofi. Askari magereza anatazama nyuma, ndiyo maana atakuapia kwamba "wote walianza utotoni". Wewe umekaa na mtoto wa miaka 13, unatazama mbele, na kauli ya askari haikusaidii. Hata wale walioanza vibaya kabisa hupungua: John Laub na Robert Sampson waliwafuatilia hadi miaka 70 wanaume waliokuwa wavulana 500 wa shule za kurekebisha tabia za Massachusetts, wakakuta makosa yakishuka kwa karibu kila mtu, na historia ya utoto haikuweza kubagua vizuri nani angeacha mapema na nani angechelewa. Kazi ya kudumu na ndoa yenye mapatano vilisaidia kuliko tarehe ya kuanza.

Kuna gharama pia ya kuandika vibaya. Farrington alionyesha mwaka 1977 kwamba wavulana wa London waliotiwa hatiani ujanani waliongeza makosa yao, kwa kukiri kwao wenyewe, kuliko wenzao wa hali ileile ambao hawakufikishwa huko. Maneno kama "mhalifu sugu" au "mwelekeo wa panya road" (yale makundi ya vijana waporaji) kwenye taarifa ya mtoto wa miaka 13 yatasomwa na kila ofisi atakayopita baada ya hapo. Mhalifu sugu kwa kipimo cha Philadelphia ni aliyeandikwa na polisi mara tano au zaidi. Wako ana mara ngapi?

Aya ya historia inaweza kuandikwa hivi, ukijaza ulichokithibitisha:

"Mtoto ana umri wa miaka 13 kwa mujibu wa kadi ya kliniki. Cheti cha kuzaliwa hakikupatikana. Mlezi ameeleza kwamba mtoto aliwahi kuchukua sarafu kwenye genge la mlezi akiwa darasa la pili. Kwa kulinganisha na rejista ya shule, wakati huo alikuwa na miaka 7 au 8, chini ya umri wa kuwajibika kijinai. Tukio hilo lilitokea akiwa peke yake na lilishughulikiwa na familia. Hakuna kumbukumbu ya tukio jingine serikali ya mtaa wala kituo cha polisi kabla ya shauri hili. Mwalimu wa darasa ameeleza kuwa mtoto hana historia ya kupigana na mahudhurio yake yalishuka kuanzia muhula uliopita, baada ya kuanza kuongozana na vijana wawili wenye umri mkubwa kuliko wake. Mambo yanayohitaji kushughulikiwa ni mahudhurio shuleni, usimamizi baada ya saa za masomo, na uhusiano na vijana hao."

Hakuna utabiri hapo wa aina ya kosa la baadaye, na hakimu hataukosa. Kama mahakama itakuuliza moja kwa moja, jibu kwamba kuanza mapema kunaongeza uwezekano wa kurudia na hakutoshi kueleza ni kosa gani, kisha urudi kwenye mahudhurio na wale vijana wawili, kwa sababu hapo ndipo mahakama ina la kuamuru.

Kabla hujaipeleka, msomee bibi sehemu ya miaka na madarasa. Huenda ndipo akumbuke kwamba mwaka ule wa darasa la pili genge lilikuwa bado halijafunguliwa.